"Tulimwaga zege": logibuku zetu zinaficha nini?

Mwaka jana nilikuwa BTP Mikumi, na pale nilipopanga chumba nilimkuta mwana wa uhandisi ujenzi, mwaka wa tatu, yuko PT. Walikuwa wanajenga kalavati kwenye barabara ya kwenda Kilosa. Kila Jumapili usiku kazi yake ilikuwa moja: kujaza logibuku ya wiki nzima kwa mkupuo. Jumatatu, tulifunga nondo. Jumanne, tulimwaga zege. Jumatano, tulimwaga zege. Msimamizi anasaini, anagonga muhuri, imeisha hiyo.

Nilimcheka sana, mpaka siku aliposhika maandalio yangu ya masomo akasoma sehemu ya tathmini. Vipindi vinne mfululizo nimeandika "Somo limeeleweka vizuri." Kimoja kati ya hivyo nusu ya Form Two walikuwa wamelala, jamani. Tukanyamaza wote wawili.

Sasa sikieni hii. Moja ya zile siku za "tulimwaga zege," asubuhi walipima slampu ikawa safi. Mchana jua likawaka, zege likaanza kukaza, fundi akaongeza ndoo ya maji ili limwagike kirahisi. Jamaa aliona. Alijua maji yakizidi zege linapoteza nguvu, hilo tunda la mwaka wa pili. Alinyamaza, na kwenye logibuku hakuna hata neno moja juu yake.

Chuoni, siku ya kuwasilisha, akaulizwa slampu ya mchana ilikuwaje. Alitaja koni ya milimita 300, tabaka tatu, mapigo 25 kila tabaka. Madesa yote yalikuwepo kichwani. Alichokosa ni jibu la kwa nini hakuna aliyepima tena, na yeye angefanya nini siku nyingine.

Sisi wa elimu tunakaririshwa habari za tafakuri hadi tunaichoka, kana kwamba ni mali ya walimu. Lakini Donald Schön, aliyefundisha MIT, kwenye kitabu chake cha 1983 aliwatazama wasanifu majengo na wahandisi vilevile. Hoja yake, nikiisema kwa maneno yangu: kazini tatizo haliji limepangwa kama swali la mtihani, na anayejiuliza kuhusu alichofanya ndiye anayejifunza kutokana nacho.

Na Kilosa si mahali pa mhandisi kusahausahau. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya kati pale na kuacha watu bila makazi. Leo SGR inapita kwenye mahandaki ya milima hiyohiyo. Anayejenga kule anahitaji kujua kilichowahi kufanywa, na kwa nini kilishindwa.

Ninachopendekeza ni ukurasa mmoja kwa wiki, nje ya logibuku. Kitu gani hukukitegemea? Ulifanya nini, na kwa nini? Ungerudi kesho ungebadilisha nini? Basi. Uandikwe kwa Kiswahili kwa anayetaka, maana mtu anayehangaika na Kiingereza ataandika sentensi anayoiweza, siyo jambo alilolifikiri. Na usipite kwa msimamizi wa saiti! Nani ataandika "leo tulikosea" halafu apeleke kwa bosi aliyekosea naye asaini? Uende kwa mwalimu wa chuo tu.

Najua watasema muda hakuna. Mwanangu, Jumapili nzima unatunga logibuku ya uongo. Wengine watasema mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kusahihisha. Kweli hawezi, hivyo asisahihishe zote: asome chache kila wiki bila kutangaza za nani, atoe alama ndogo kwa walioandika, na achukue mbili tatu zijadiliwe darasani bila majina. Hofu yangu kubwa ni nyingine, kwamba na ukurasa huu utageuka desa la kunakili, kama tathmini yangu ilivyogeuka. Ndiyo maana sitaki upewe alama nyingi. Ukiwa na alama 20, kesho kutwa utauzwa stesheneri.

Jamaa alianza mwenyewe, nyuma ya kaunta buku. Ukurasa wa kwanza, kwa ruhusa yake: "Niliona maji yanaongezwa. Niliogopa kuonekana najifanya injinia. Kesho nitaomba tupime slampu tena, nitasema nataka kujifunza."

Aliomba. Walimpa koni.