Jikaze si Dawa

Hakuna neno Wakenya tunaligawa bure kama "jikaze". Umefeli mtihani, jikaze. Umeachwa, jikaze. Selimundu imekushika mifupa tangu saa nane usiku, bado utaambiwa ujikaze.

Selimundu ndiyo ile wengi wetu tunaita sikoseli. Iko sana Nyanza, Magharibi na Pwani, kule malaria imekaa miaka yote, kwa sababu ukirithi jeni moja tu unapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ukirithi mbili, unaugua. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, na sehemu ya mbele inakosa oksijeni. Maumivu yanatoka hapo. Hakuna kidonda cha kuonyesha mtu, na eksirei inaweza kutoka safi kabisa.

Kwa hivyo mgonjwa anafika emajensi kama mshtakiwa. Akilia sana, anaigiza. Akinyamaza na kushika simu, si ako sawa tu? Akitaja dawa inayomsaidia na kipimo chake, huyo ni mraibu, amejuaje? Amejuaje! Wengi wao huanza kuugua kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Mwenye kisukari akijua kipimo chake cha insulini tunamsifu.

Halafu tunashangaa kwamba mtu huyu ana wasiwasi. Anaogopa baridi ya Julai, anaogopa kusafiri mbali na hospitali inayomjua faili, anaogopa kumwambia bosi mpya. Tunasema anajisumbua na mawazo. Mimi naona anapiga hesabu tu, maana baridi, kiu na uchovu kweli huweza kuamsha maumivu, na hajui usiku huo atapata nesi wa aina gani.

Lakini kinachoniudhi zaidi kinakuja baadaye. Siku moja anachoka, anasema, "Sista, nimechoka kuishi hivi." Ghafla kila kitu kinabadilika: kumbe ni depresheni! Kumbe ni stresi! Maumivu yote yanahamishiwa kichwani, kama vile binadamu anaruhusiwa ugonjwa mmoja tu kwa wakati. Tangu 1979 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kimeyaeleza maumivu kuwa ni jambo la mwili na la hisia pia. Na amitriptyline, dawa ya zamani ya depresheni, madaktari huwapa pia watu wenye maumivu ya neva, hata wasio na depresheni, kwa sababu kemikali zinazobeba huzuni na zile zinazozima maumivu zinapitia njia zinazokaribiana. Hakuna aliyewahi kusema basi neva hizo zinadanganya.

Wengine hawasemi kabisa, na wana sababu. Mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, kujaribu kujiua kungeweza kukufunga miaka miwili. Ungemfungukia nani, na polisi wako karibu hivyo? Mchungaji naye atakuambia uongeze imani. Tumwache.

Najua jibu linalokuja: wanasaikolojia ni wachache, foleni ni ndefu, nesi mmoja ana wagonjwa kumi. Ni kweli, na serikali iajiri. Ila kumwamini mtu hakuhitaji bajeti. Mpe dawa ya maumivu kwanza, kabla ya kumkagua kama analia vya kutosha. Yakipungua, muulize amelalaje wiki hii na anaogopa nini. Akijibu kwamba amechoka kuishi, mwite mshauri, na uandike kwenye faili chini ya maumivu. Usiyafute maumivu ndiyo upate nafasi ya kuandika.