Nyapara Aliye Nyumbani

Mwezi wa Februari 2023, shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilipoonyesha filamu yake ya uchunguzi juu ya mashamba ya chai ya Kericho nchini Kenya, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza jinsi wasimamizi wao walivyowataka kimwili kuwa ndiyo bei ya kupewa kazi au ya kubakizwa kazini, mambo yaliyokuwa yakinong'onwa kwa miaka katika vijiji vya wafanyakazi yalisimama hadharani kwa usiku mmoja. Mwandishi wa kike alikuwa ameingia mashambani kwa sura ya mtafuta kibarua, na kamera aliyoificha ikanasa maneno na vitendo ambavyo hata wakili hodari angeona taabu kuvikanusha. Mashamba hayo yalikuwa yameendeshwa kwa muda mrefu na makampuni mawili makubwa, Unilever na James Finlay. Na katika siku chache baada ya filamu kuonyeshwa, baadhi ya mameneja walisimamishwa kazi, Starbucks ya Marekani ikatangaza kusitisha ununuzi wa chai kutoka kwa James Finlay Kenya, na Bunge la Taifa likaagiza uchunguzi. Malalamiko ya namna hiyo yalikwisha kuandikwa katika ripoti zaidi ya miaka kumi kabla yake, wala hayakupata mwitiko kama huo.

Natija hiyo haikuja kwa kudura tu. Filamu ile ilifaulu kwa sababu kamera ilipata mlango wa kuingilia, na kwa sababu mtenda dhuluma alikuwa na mwajiri wa kumwachisha kazi, na mwajiri naye alikuwa na mnunuzi ng'ambo wa kumtia hofu. Lakini mwanamke yule yule, akisha kutua kapu lake jioni na kurudi chumbani kwake, aghalabu humkuta nyapara wa pili, ambaye hana kampuni juu yake wala hapana mnunuzi wa London au Chicago awezaye kumkatia biashara: naye ni mume au mpenzi ahesabuye salio la simu yake, aulizaye sababu ya kuchelewa kwake dakika kumi, amkatazaye kwenda kwa mama yake, na achukuaye mshahara wake kwa jina la mapenzi. Kamera ya siri haiwezi kuingia humo, wala haifai iingie. Filamu ya kuigiza ndiyo peke yake iwezayo kuufungua mlango huo bila ya kumvunjia mtu faragha yake. Na kwa hiyo swali linalostahili kupimwa katika Kericho na Bomet leo ni hili: je, yafaa mapenzi ya dhuluma yaigizwe wazi, kwa lugha ya mahali, mbele ya wakubwa na vijana wa shule pamoja? Mimi nasema yafaa, na imechelewa. Ila kwa sharti kwamba filamu ianze kabla ya kofi la kwanza.

Wako wanaopinga, na hoja zao si za kubezwa. Wazee husema kwamba nyumba ina siri yake, na kwamba ugomvi wa mke na mume una watu wake. Katika jamii ya Wakipsigis watu hao walijulikana: wazee wa kokwet, yaani baraza la kijiji, wazazi wa pande zote mbili, na wale waliohudhuria koito, sherehe ya uchumba, na kuona mahari yakikubaliwa. Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake pale ambapo ndugu za mke walikaa kilima cha pili, na mume aliyevuka mpaka alijua kwamba atajibu mbele ya wanaume wenziwe. Lakini katika kijiji cha shamba kubwa, ambako Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo na Mluhya wamepangana chumba kwa chumba, kila mmoja mbali na kwao, kokwet iko wapi? Aliye karibu ni jirani wa ukuta wa pili, asikiaye kila kitu na kunyamaza, maana amefundishwa kwamba si yake. Fauka ya hayo, nyumba yenyewe hutolewa kwa ajili ya kazi, na ikiwa imeandikwa kwa jina la mume, basi mwanamke amwachaye mume huacha na paa. Siri ya nyumba ilikuwa ngao kwa wawili waliozungukwa na aila. Kwa mwanamke aliye peke yake imekuwa kufuli, na ufunguo anao mwingine.

Wako wengine wahofuo kwamba kijana aonaye uovu katika picha atajifunza uovu. Hoja hii naiheshimu kidogo zaidi ya ile ya kwanza, maana filamu hufundisha, na kusema kinyume chake ni kujidanganya. Lakini vijana wetu wanajifunza tayari, kwa nyimbo, kwa simu zao, na kwa yale wayaonayo kwa baba zao. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikia umri wa miaka 15. Jambo lililomfika mwanamke mmoja katika kila watatu haliwezi kuwa jambo geni kwa watoto wa nyumba hizo, na kuwazuia wasilione katika picha hakuwazuii kuliona sebuleni.

Hoja inayonipa shida kweli ni ya tatu, nayo ni kwamba sinema hupenda kuitia dhuluma sukari. Mwaka 2024 filamu ya Marekani iitwayo It Ends with Us, iliyotokana na riwaya ya Colleen Hoover, ilipata zaidi ya dola milioni 300 duniani, na wengi waliilaumu kwa kutangazwa kana kwamba ni hadithi ya maua na mavazi mazuri, ilhali maudhui yake ni mke kupigwa na mumewe. Lawama juu ya matangazo ilikuwa ya haki. Lakini ndani ya filamu yenyewe mna jambo ambalo mtengenezaji wa kwetu angefaa kulitazama kwa makini: matukio ya mwanzo ya kuumizwa huonyeshwa kwa macho ya mke, kana kwamba ni ajali, na mtazamaji huyaamini, baadaye matukio hayo hayo hurudishwa, na mtazamaji akaona mkono ulivyokwenda kweli. Mtu aliyezoea kuuliza kwa ukali, mbona hakuondoka mapema, huona kwamba yeye mwenyewe, aliyekaa salama kitini, alihadaika kwa saa nzima.

Na iko filamu ya zamani iliyofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa zaidi bila hata tone la damu. Katika Gaslight, iliyoongozwa na George Cukor mwaka 1944 kutokana na mchezo wa Patrick Hamilton wa mwaka 1938, mume hamuumizi mkewe kwa kumpiga. Huficha bruchi, huondoa picha ukutani, kisha humlaumu mke kwa kuvipoteza. Huwaambia watumishi kwamba bibi yao ni mgonjwa. Humzuia kutoka na kupokea wageni, mpaka mwanamke, aliyeigizwa na Ingrid Bergman kwa namna iliyompatia tuzo ya Oscar, anaanza kuiogopa akili yake mwenyewe. Kila usiku mwanga wa taa ya gesi hufifia, kwa kuwa mume amewasha taa nyingine darini, anakotafuta vito vilivyofichwa. Na wokovu wa mke huanza pale mtu wa pili anapokaa naye chumbani na kuona kwamba mwanga umefifia kweli. Shahidi mmoja tu! Jirani wa ukuta wa pili kule Kericho ndiye shahidi huyo, lau angefundishwa kwamba anachokisikia kina jina katika sheria.

Maana jina kinalo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, ya mwaka 2015, haikuishia kwenye kipigo: imetaja unyanyasaji wa kihisia na wa kisaikolojia, vitisho, kumfuatafuata mtu, kumharibia mali, na unyanyasaji wa kiuchumi, yaani kumnyima mtu fedha na riziki aliyo na haki nayo, tena haiwahusu waliooana peke yao, bali hata wachumba na wenye uhusiano wa karibu. Mahakama yaweza kutoa amri ya ulinzi, na kuivunja amri hiyo ni jinai. Uingereza, mwaka huo huo wa 2015, ilikwenda mbele zaidi na kuifanya tabia yenyewe ya kumtawala mwenzi kwa kumtisha kuwa kosa la jinai huko England na Wales, na mimi naona Kenya nayo yapasa kufika hapo. Lakini hata sheria tuliyo nayo haitumiki inavyostahili, kwa sababu moja nzito: watu huitambua dhuluma kwa kovu. Mwanamke aendaye kwenye dawati la jinsia la kituo cha polisi bila ya jeraha ataona haya hata kuanza kusema, na askari asiyefunzwa atamuuliza amepigwa wapi.

Hapa ndipo filamu ya nchi ya chai ingekuwa na kitu chake cha kuonyesha, kisichoweza kuazimwa Marekani wala Uingereza. Fikiri juu ya mkulima mdogo wa Mogogosiek au Litein. Mke huamka majani yangali na umande, hujifunga plastiki kiunoni asilowe, huchuna majani mawili na chipukizi mpaka kapu limejaa, kisha hubeba mzigo hadi kituo cha kupimia, asubiri lori lililochelewa. Karani hutundika gunia kwenye mzani, hubonyeza namba ya mkulima, na risiti hutoka. Namba ile ni ya mume. Malipo ya mwezi huenda kwa mwenye namba, na bonasi ya Oktoba, ambayo ndiyo karo ya watoto na mabati ya nyumba, nayo huenda kwa mwenye namba. Katika nyumba ya insafu jambo hili si kitu, maana wawili hukaa wakagawa. Katika nyumba ya dhuluma, mikono iliyochuna haijui hata jumla ya kilo zake kwa shilingi. Lau ningekuwa mwongozaji, ningeanza filamu mapema zaidi, kabla ya ndoa, kwa ile mvua ya alasiri ya Kericho: kijana anakuja kituoni na mwavuli, kila siku, kumchukua mpenzi wake, na wanawake wote waliopanga foleni wanamwonea wivu binti yule. Ningewaacha watazamaji nao wamwonee wivu. Baadaye tu, simu ikisha kuchukuliwa ili "itunzwe", rafiki mmoja mmoja akisha kuonekana mbaya, ndipo ningewarudisha kituoni wauone tena mwavuli ule ule, na wamwone kijana akitazama, chini yake, binti amezungumza na nani.

Nanena hivi kwa uchungu, kwa kuwa nyanda hizi zimepoteza mabinti mashuhuri. Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, alikutwa amechomwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi wa Oktoba 2021, mwezi mmoja baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake peke yao. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana. Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mwenzi wake huko Endebess, akafariki Eldoret tarehe 5 Septemba 2024; katikati ya ugomvi wao palikuwa na kiwanja na nyumba. Ikiwa wanawake wenye medali na majina hawakuokolewa, sembuse mchuma chai asiyejulikana nje ya kijiji chake?

Wala hatuanzi na karatasi tupu. Ari Katini Mwachofi aliandika tamthilia yake Mama Ee mwaka 1987, na ndani yake Mwavita hupigwa na Kinaya, mume wake, huku jamii ikimtaka avumilie. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano ya mwaka 1980, alimwonyesha Maksuudi akiwafungia mke na binti yake ndani kwa jina la heshima. Wanafunzi wa Kenya wamekwisha kusoma kazi za namna hii darasani bila ya kuharibika. Basi sioni kwa nini Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ikiletewa picha iliyotengenezwa kwa adabu juu ya jambo hili, iipeleke moja kwa moja kwenye daraja la miaka 18. Binti wa kidato cha tatu, ambaye pengine amekwisha kupata mwenye mwavuli wake, ana miaka 16 au 17. Daraja la 16 ndilo linalomstahili. Iigizwe kwa Kiswahili, lugha inayowaunganisha watu wa vijiji vya mashamba, na kwa Kipsigis pale mama azungumzapo na mama yake.

Na mwanamke wa filamu hiyo asife. Vifo tumeviona maridhawa. Nataka watazamaji waone jinsi mtu anavyoondoka akiwa hai, maana saa ya kuondoka ndiyo saa ya hatari kubwa: akificha kitambulisho na vyeti vya watoto kwa jirani, akipiga namba ya msaada 1195, akiomba amri ya ulinzi mahakamani kabla mume hajajua, akiandikisha miche yake kwa namba yake mwenyewe ikiwa ardhi inamruhusu. Ionyeshwe mwezi wa Oktoba, fedha za bonasi zikiwa zimeingia na ugomvi umepamba moto, katika kumbi za viwanda na za makanisa, chifu akiwa amealikwa. Na afisa wa dawati la jinsia awe amekaa pale pale ukumbini na daftari lake, ili atakayeitambua nyumba yake katika picha aandikishe maelezo yake kabla hajarudi kulala humo.