Kanuni Bila Kutambua ni Bure

Wadau, leo nina hasira. Shuleni Kitui tulikaririshwa kanuni ya milinganyo ya kipeo cha pili kama wimbo. Kuitambua milinganyo yenyewe? Hakuna aliyetufundisha!

Mjomba wangu kule Makueni alitaka bwawa la kuvunia maji ya mvua: eneo mita mraba 84, urefu uzidi upana kwa mita 5. Upana ukiwa x:

x(x + 5) = 84

Mwakiona kipeo cha pili? Kimejificha! Fungua mabano:

x² + 5x = 84

Mimi na digrii yangu nikailisha programu a = 1, b = 5, c = 84. Ikagoma: eti natafuta mzizi wa mraba wa −311! Kosa lilikuwa langu. Umbo sanifu ni ax² + bx + c = 0, a isiwe sifuri. Kumbe:

x² + 5x − 84 = 0

Basi c ni −84, na x ni 7 au −12. Upana hasi haupo, tupa. Bwawa ni mita 7 kwa 12.

Na x² + 3x = x² + 12? Danganya toto! Ukipanga, x² zinafutana, inabaki 3x = 12.

Walimu wangu, kanuni hata simu inaijua. Kutambua na kupanga ndiyo kazi ya mtu. Anzieni hapo.