Picha Moja ya Bega Haitoshi

Watu wengi wakiumia bega husema, "Nipigeni picha, mtaona." Wakisha kupigwa picha moja, nao wakiambiwa mifupa ni mizima, hurudi nyumbani kwa furaha. Sisi tunasema: kwa habari ya bega, picha moja haitoshi. Mgonjwa aombe ya pili.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira, nacho kinakaa juu ya mfupa ulio kama kisahani kidogo kisicho na kina. Kwa sababu hii bega hutoka mahali pake kuliko viungo vikubwa vyote. Katika watu 100 walioteguka bega, zaidi ya 90 kichwa kimetoka kwenda mbele. Juu ya hao hakuna mabishano. Bega limekuwa na pembe, na katika picha kisahani ni kitupu, kichwa kimeshuka upande wa kifua. Hata mtoto wa shule akionyeshwa atatambua.

Lakini wachache, labda watu 2 mpaka 4 katika 100, kichwa kimekwenda nyuma. Hapo picha ya mbele inadanganya, maana picha ni kivuli tu. Usiku, mtu akisimama nyuma yako mbele ya taa, vivuli vyenu ukutani ni kimoja. Nani ajuaye aliye mbele na aliye nyuma? Alama ni ndogo: mkono umejipinda ndani, basi kichwa kinaonekana mviringo kabisa kama globu ya taa ya umeme, na ile nundu ya upande wa nje haionekani. Mwenye haraka hupita bila kuiona. Lakini picha ya ubavu haifichi: kichwa kiko katikati ya kisahani, au kiko nyuma.

Nani huteguka hivi? Mara nyingi ni mtu aliyeanguka kifafa, ama pengine aliyeshikwa na umeme, kwa kuwa misuli yake hukaza yote pamoja na kuuvuta mfupa nyuma. Mwaka wa 1855 mpasuaji Malgaigne wa Ufaransa aliandika habari za wagonjwa 37 wa namna hii. Röntgen alivumbua mwanga wa kupiga picha mwaka wa 1895, miaka 40 baadaye! Basi Malgaigne alitumia macho na mikono. Nasi tunavyo. Mgonjwa akunje kiwiko, akishike karibu na mbavu, kisha apeleke kiganja upande wa nje, kama mtu anayefungua mlango. Ikiwa mkono hauendi hata kidogo, wala mganga hawezi kuugeuza, picha nzuri ya mbele isitutulize.

Huku Kongo jambo hili si dogo. Katika sehemu za Ituri na Uele, penye ugonjwa wa upofu wa mito, kifafa ni kingi. Tena wenye kifafa wengi huficha kwa haya, husema, "Nilianguka tu." Jamaa aliyeona mshtuko na aseme.

Wengine hukataa picha ya pili kwa kuogopa mashine. Lakini mwanga wa picha ya bega ni kidogo sana. Wengine huogopa maumivu. Lakini mkono unaweza kubaki katika kitambaa chake, mwili tu ugeuzwe. Neno la fedha ni gumu zaidi, wala hatulidharau. Lakini bega lililoachwa likapita majuma 3 ni vigumu sana kulirudisha kwa kuvuta. Mara nyingi linataka upasuaji. Na mama asiyeweza kupeleka mkono nyuma atamfungaje mtoto mgongoni?

Kwa hiyo tunaona hospitali zetu zisiuze picha ya bega moja moja. Bei iwe moja, na ndani yake picha mbili, fundi wa picha asiwe na haja ya kumwuliza mgonjwa kama ana fedha ya ile ya pili.