Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: bunduki isitoke dukani bila sanduku lake

Afande Inspekta Jenerali,

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki atunze silaha yake isifikiwe na asiyehusika. Ombi langu ni kwamba sharti hilo lianze kutekelezwa palepale dukani, kabla bunduki haijakabidhiwa.

Huku kwetu Ujiji mkulima wa mahindi na mihogo anahangaishwa na nyani na nguruwe pori, na simlaumu anayeomba kibali. Lakini nimeiona bunduki ya mzee mmoja, halali kabisa, imelazwa juu ya kabati la nguo, mtutu umepakwa mawese. Hakuwa na mafuta ya bunduki wala ufito wa kusafishia, na unyevu wa masika unakula chuma. Mawese yalikuwa yameganda penye kifyatulio, yameshika vumbi. Risasi zilikuwa juu ya kabati hilohilo, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Wajukuu walikuwa wakicheza chumba cha pili.

Ujiji ni mji wa zamani katika mambo haya. Misafara ya karne ya 19 ilileta magobore pamoja na baruti na fataki, maana bila hivyo gobore ni bomba la chuma tu. Ndiyo sababu Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, dhidi ya biashara ya utumwa, ulibana bunduki, baruti na risasi kwa pamoja. Waliouandika walikuwa wakoloni wenye maslahi yao, ila hapo waliona sawasawa.

Basi leseni ya muuza silaha iwe na sharti: mnunuzi asikabidhiwe bunduki mpaka anunue, au athibitishe kwamba anavyo, vifaa vya kusafishia na sanduku la chuma lenye kufuli, la kukazwa ukutani. Risasi ziwe na sanduku lake. Mafundi wa kuchomelea wa Mwanga, hapahapa Kigoma, wanaweza kuyatengeneza masanduku hayo, Jeshi la Polisi likitoa vipimo. Hakuna haja ya kusafirisha kasha la kigeni kwa treni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Asiyeimudu bei ya sanduku asubiri kwanza kununua bunduki.

Darubini za kulengea na viziba mlio ni suala jingine. Visipangwe rafuni pamoja na mikanda na mikoba, bali viandikwe kwenye daftari pamoja na namba ya bunduki na jina la mwenye kibali. Tunapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo; kifaa cha kuingia mfukoni kinavuka kirahisi kuliko bunduki yenyewe.

Mwaka 2022 Jeshi lilitoa miezi ya Septemba na Oktoba watu wasalimishe silaha haramu kwa hiari. Lilifanya vyema. Lakini bunduki halali ikiibwa juu ya kabati, siku hiyohiyo inakuwa haramu. Kubadili kanuni kunachukua muda, nafahamu; waraka wako kwa wauzaji wenye leseni unaweza kutoka hata mwezi huu.

Mkazi wa Ujiji, Kigoma