Mzigo una cheti, mtoto hana

Mfanyabiashara mdogo anayevusha Namanga mahindi au maharage yaliyolimwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani yake isizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Karatasi hiyo ikigongwa muhuri upande mmoja, upande wa pili inaheshimiwa. Mwanawe mwenye ugumu wa kujifunza hana karatasi ya namna hiyo.

Ugumu huo, hasa ule wa kusoma na kuandika uitwao disleksia, si uvivu wala kurogwa. Mtoto anaweza kurudisha chenji ya shilingi za Kenya na za Tanzania bila kukosea, lakini akishika kitabu anachanganya "b" na "d". Darasani anaitwa mzito. Nyumbani baba anauliza ada inakwenda wapi, bibi anashika fimbo, na mama aliyeondoka alfajiri kwenda sokoni analaumiwa kwamba hakai na watoto.

Biashara ikihamia ng'ambo, familia nayo inahama. Kenya ina vituo vya kuwapima watoto wa aina hii tangu 1984, na Tanzania ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Lakini madarasa ya juu ya msingi Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali shule za msingi za serikali Tanzania hutumia Kiswahili. Mtoto aliyeanza kushika herufi anaanza upya mbele ya mwalimu asiyejua ni nini kilishajaribiwa.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuane vyeti vya elimu na taaluma. Mhasibu amefikiriwa, mtoto wa darasa la pili amesahaulika. Fomu moja ya pamoja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ikieleza mtoto anashindwa nini, anaweza nini na amesaidiwa vipi, ingemwokolea miaka ya kukariri darasa. Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, vinavyopaza sauti kila ushuru unapopanda, viidai fomu hiyo kwa nguvu ileile.

Kwa sasa, mzazi anayehama amwombe mwalimu maelezo hayo kwa maandishi, yenye muhuri wa shule, ayatunze pamoja na hati za mzigo.