Diski Ikipotea, Tulia Kwanza

Diski ya kompyuta ikikataa kuonekana, usikimbilie kuifomati. Picha za mzazi aliyetutoka na hesabu za chama huenda bado zimo. Haraka yako ndiyo itakayozimaliza. Badilisha waya, jaribu tundu lingine la USB, kisha kompyuta nyingine. Ikionekana, lakini kompyuta ikakuomba uifomati, kataa. Ikilia tik-tik, izime mara moja: kila inapozunguka, kichwa chake kinaweza kukwaruza visahani vinavyobeba data. Mpelekee fundi, umsihi anakili diski nzima kwanza, ndipo atafute faili kwenye nakala hiyo. Ukizipata, zihifadhi mahali pawili. Gharama ya diski ya pili ni ndogo kuliko machozi.